Mtu Aliyeitwa Lifti

Hutaamini, lakini limetokea, na watu waliokuwa uwanjani siku ile wapo, waulize: lifti ya hospitali ilimpandisha hadi ghorofa ya nne mtu aliyekuwa anaifukuza kazi. Na usidhani nasema lile boksi la chuma lenye vitufe. Lile lilishakufa zamani, mlango wake umefungwa mnyororo na wafagiaji wanatunzia humo ndoo zao. Lifti ninayoisema mimi ina miguu miwili, mke, binti wa shule, na kiuno kinachouma kila mvua ikikaribia.

Hata wewe ungefika pale ungemwita hivyohivyo. Madaktari wanamwita Lifti, masista wanamwita Lifti, wagonjwa waliotoka mbali wanaulizia getini, "Samahani, Lifti yuko zamu?" Jina lake la kuzaliwa analijua mama yake, na mama yake hayupo.

Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, fulana imepandishwa mpaka mabegani, mke wake kapiga magoti pembeni anamchua kiuno kwa dawa ile inayonuka mpaka machozi yanatoka. Chumba ni kimoja. Pazia linatenga kitanda na jiko, na nyuma ya pazia binti yao anavaa soksi huku anakariri jambo la shule kwa sauti ya chini.

"Polepole, mke wangu. Hicho ni kiuno, si unga."

"Ningekuwa na unga ningekuwa hapa nakukanda wewe?"

Wakacheka, wote wawili, cheko fupi la kuishiwa. Maana sukari ilipanda bei, wakaacha sukari. Mkaa ukapanda, wakaanza kupika mara moja kwa siku. Mwenye nyumba naye akapandisha kodi, eti amepaka rangi lango, wakati choo cha wapangaji wote bado kina gunia badala ya mlango.

Mke akafunika kopo la dawa. Akanawa mikono, akachukua pasi, akaanza kunyoosha koti la kazi, lile la bluu lililopauka mabegani kwa sababu ndiko wagonjwa wanakoshikilia. Akanyoosha kola, akanyoosha mifuko, akanyoosha tena kola. Lifti akajua kuna neno linakuja.

"Leo ndiyo leo, sivyo?"

"Ndiyo."

"Utasema?"

Lifti akashusha fulana yake.

"Baba, sikiliza. Ni maneno tu. Unasimama pale, unasema nilichukua, nisameheni, unarudi kazini. Midomo inafunguka, inafungwa. Basi."

"Lakini sikuchukua."

"Najua hukuchukua! Kuna mtu anakujua kuliko mimi? Wewe hata mkaa wa jirani ukidondoka mlangoni kwetu unaurudisha." Akaisimamisha pasi. "Nakuuliza kitu kimoja. Hilo jina zuri unalolilinda, nitalipika na nini?"

Hapo lazima nikurudishe nyuma kidogo ili usipotee.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, mablanketi mapya ya wodi ya watoto yalipotea stoo. Yalikuwa msaada, mazito, bado yako kwenye nailoni. Msimamizi wa wahudumu wa chini, yaani wafagiaji, wafuaji na wabebaji, ni bwana mmoja mnene wanayemwita Filimbi, kwa sababu anatembea na filimbi shingoni kama refa. Mfagiaji akiketi, priii! Muuza chai akiingia kwa mlango wa nyuma, priii! Siku mablanketi yalipopotea Filimbi alipuliza mpaka wagonjwa wa ghorofa ya juu wakachungulia. Akamwita Lifti katikati ya uwanja. Mbele ya masista, mbele ya ndugu wa wagonjwa waliokaa kwenye majani wakisubiri saa ya kuona watu wao, akamwamuru amwage begi lake chini. Likatoka shuka, kitambaa cha jasho, kipande cha mkate. Akamwambia avue viatu. Akavua. Soksi moja ilikuwa na tundu na kidole kikatoka nje, watu wakacheka.

Hakukuwa na kitu. Filimbi akasema, "Huyu anapanda na kushuka kila wodi siku nzima. Nani mwingine?" Hiyo ndiyo hukumu, imekwisha.

Lile shuka ulikumbuke. Machela haipiti kwenye kona za ngazi za ile hospitali, ngazi ni nyembamba mno, ukijaribu kugeuza machela mgonjwa anasimama wima. Kwa hiyo, wenzake wakibeba mizigo, Lifti anawabeba wagonjwa mgongoni, anawafunga kwa shuka kama mama anavyofunga mtoto kwenye mbeleko. Fundo moja kifuani, jingine kiunoni, mgonjwa hata akizirai hadondoki. Na shuka lenyewe si la hospitali, wabebaji waliomba wakapewa ahadi tu. Ni la mke wake, aliletewa zawadi siku ya harusi yao, lina maua mekundu yaliyodariziwa kwa mkono kwenye pembe moja. Mtu anayeitwa mwizi wa mablanketi anabeba wagonjwa wa serikali kwa shuka la kitandani kwake. Jamani!

Habari ikatoka hospitali ikafika kanisani. Lifti ndiye aliyekuwa akipitisha kapu la sadaka, miaka na miaka. Jumapili iliyofuata mchungaji alifundisha vizuri sana, kwamba Mkristo halipizi, anayekutendea ubaya usimtendee ubaya, muachie Mungu, na uishi vizuri mbele ya watu wote mpaka wasione la kukusema. Lifti akaitikia kwa kichwa, anakubali kabisa. Baada ya ibada mzee wa kanisa akamshika bega, akamvuta pembeni karibu na baiskeli, akamwambia kwa upole, "Ndugu yetu, hilo kapu, tulipumzishe kidogo kwako. Mpaka mambo yatulie. Unaelewa, watu wana midomo."

Akaelewa. Alirudi nyumbani, na mke wake ndiye aliyesema yote: "Waliokufundisha usilipize ndio haohao waliokunyang'anya kapu!"

Na sasa Filimbi alikuwa amempa njia mbili. Siku hiyo, kwenye mkutano wa wafanyakazi saa ya mchana, asimame akiri mbele ya wote, abaki na kazi kwa onyo. Au asikiri, avue koti, aondoke. Umeona? Filimbi hakuwa na haja ya kumpata mwizi. Alihitaji mtu wa kusema "ni mimi" ili watu waache kuuliza.

Tumerudi kwenye pasi. Mke akamvalisha koti likiwa bado na joto, akamfunga vifungo kama mtoto anayepelekwa shule.

"Mwanetu anafukuzwa mwisho wa mwezi ada isipoonekana," alisema taratibu, pazia lisisikie. "Sikutishi. Nakukumbusha tu."

"Sijasahau."

"Basi nenda. Na usibebe wanene leo."

Getini alimkuta mlinzi, rafiki yake, mwembamba, kofia kubwa kuliko kichwa. Mlinzi akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akamvuta nyuma ya kibanda.

"Kaka, leo usikubali. Mimi niliona."

"Uliona nini?"

"Alfajiri ile mablanketi yalipopotea. Gari la shemeji yake Filimbi lilirudi kinyumenyume mpaka mlango wa stoo. Nailoni zinang'aa. Filimbi mwenyewe ananiambia, fungua geti, ni nguo za kufua nje. Nguo gani za kufua ziko kwenye nailoni?"

Lifti akahisi damu inampanda masikioni. Wiki mbili! Wiki mbili huyu mtu anamsalimia asubuhi na jioni, na anajua.

"Kwa nini hukusema?"

"Na mimi nina watoto, kaka. Lakini leo tumalize. Wewe ukisimama, anza kumtaja, mimi namalizia. Tumchane mbele ya watu kama alivyokuchana wewe. Yule alininyima ruhusa ya kumzika baba yangu, unajua? Nataka nione uso wake."

Moyoni mwa Lifti, niseme ukweli, wazo hilo lilikuwa tamu. Aliona kabisa Filimbi akivua viatu uwanjani. Aliona soksi zake.

"Kama uliona, useme," akajibu mwishoni. "Useme kwa sababu uliona. Mimi sikuona, siwezi kumtaja mtu kwa jambo ambalo sikuliona. Ndivyo Filimbi alivyonifanyia mimi."

"Aa, wewe na dini yako!" Mlinzi akatema mate pembeni. "Wewe ni mjinga, kaka. Nakupenda lakini ni mjinga. Unajua kwa nini lifti haitengenezwi? Fedha imekuja, imeliwa, imekuja tena, imeliwa tena, na hakuna anayepiga kelele. Kwa nini? Kwa sababu wewe upo! Siku mgongo wako ukigoma ndiyo siku fundi atakuja."

Hilo neno lilimchoma. Akaenda nalo mpaka chini ya ngazi, na kazi ikaanza: bibi mwenye mguu uliovimba, kijana wa pikipiki, mama wa presha aliyekuwa akisali sikioni kwake njia nzima. Kila ngazi zinapogeuka Lifti ana desturi yake. Anaegemeza bega ukutani, anashusha pumzi, anamuuliza mgonjwa, "Tuko wote?" Mgonjwa akijibu, wanaendelea. Kuna alama za bega lake kwenye rangi ya ukuta, kila kona, nyeusi, za mafuta na jasho.

Mchana priii ndefu ikalia. Wote uwanjani.

Jua kali. Wahudumu walisimama nusu duara, wabebaji wenzake upande mmoja, mbele yao jamaa mkubwa wanayemwita Tingatinga kwa mabega yake. Afisa wa utawala alikuwepo, mama mmoja nadhifu mwenye miwani, simu mkononi, anaangalia saa. Mlinzi naye alisogea, kofia yake mkononi.

Filimbi alikuwa amejiandaa. Alileta blanketi, eti watu waone mali ya umma inafananaje. Sasa kosa lake lilikuwa hapo. Yale mapya hayakuwepo, anajua mwenyewe yako wapi, ndiyo maana akachomoa moja kuukuu kutoka pembe ya ndani ya stoo, lililokaa chini ya paa linalovuja miaka yote, ukungu umelikaukia.

"Blanketi kama hili!" akapaza sauti. "Mtoto mgonjwa analala na baridi kwa sababu ya mtu mmoja!" Na akalikung'uta. Akalikung'uta kwa nguvu zote, mbele ya uso wake mwenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili.

Vumbi la kijani likapanda kama moshi.

Filimbi akakohoa. Watu wakadhani ni hotuba. Akakohoa tena, akashika kifua, akapapasa mfukoni akatoa kikopo cha dawa ile ya kuvuta mdomoni, akakibonyeza, kikatoa upepo mtupu. Hakuna aliyejua kwamba ana pumu. Miaka yote amepuliza filimbi ili watu wasikie ana pumzi! Akapiga magoti. Midomo ikaanza kubadilika rangi.

"Oksijeni!" Sista mkuu akapiga kelele. Mtungi wa chini ukaletwa mbio, wakafungua, kimya. Mtupu. Uliobaki wenye hewa uko ghorofa ya nne, na ule ni mkubwa, umefungwa ukutani.

"Apandishwe! Sasa hivi! Wabebaji!"

Na hapa ndipo nilipotaka ufike. Wabebaji wakaangaliana. Tingatinga akajishika kiuno. "Sista, mimi leo mgongo." Mwingine akainama akafunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Mwingine akasema yeye zamu yake imeisha. Walikuwa na sababu zao, usiwahukumu haraka, kila mmoja pale alikuwa amewahi kupuliziwa filimbi usoni.

Mlinzi akamnong'oneza Lifti kwa nyuma, "Mwache. Hujamgusa. Mungu mwenyewe kamgusa."

Lifti akamwangalia mtu yule chini. Macho yametoka, mkono unakwaruza majani. Alimchukia. Andika hivyo, alimchukia, hakuwa malaika. Lakini mikono yake ilikuwa imeshalitoa shuka kwenye begi.

"Mwinueni," alisema. "Mniwekee mgongoni. Mikono ipite hapa."

Fundo kifuani. Fundo kiunoni. Filimbi, na tumbo lake lote, na filimbi yake ikigonga sikio la Lifti, tik, tik, tik, kila hatua.

Ghorofa ya kwanza aliipanda kwa hasira, na hasira ni mafuta mazuri. Ya pili miguu ikaanza kutetemeka. Kwenye kona kati ya ya pili na ya tatu akaegemeza bega lake kwenye ile alama nyeusi ukutani, kama siku zote. Sista alikuwa ametangulia mbio kufungua mtungi. Walikuwa wawili tu. Chini kelele za watu, juu kelele za masista, pale katikati wao wawili na pumzi ile ya Filimbi, nyembamba, kama mtu anavuta uji kwa mrija ulioziba.

Na Lifti akajua. Hakuhitaji kufanya kitu chochote kibaya. Apumzike tu. Apumzike kidogo zaidi ya kawaida, ni haki yake, kiuno kinauma, kila mtu anajua. Hakuna ambaye angesema neno.

"Tuko wote?" akauliza, kwa mazoea.

Kichwa kikagonga bega lake. Ndiyo.

Ndipo swali likamtoka, hakulipanga: "Bosi, niliiba mimi?"

Pumzi ya nyuma yake ikajaribu kugeuka neno. Ikakwama. Ikajaribu tena, ikatoka mluzi tu, na mwili wote ukashtuka kama kuku. Lifti akaelewa anachofanya. Alikuwa anamlipisha. Anachukua ile pumzi iliyobaki anaitaka iwe jibu.

"Usijibu," akasema haraka. "Usijibu, nyamaza. Vuta tu. Vuta."

Akabandua bega ukutani. Kona iliyofuata hakupumzika. Na iliyofuata hakupumzika pia. Magoti yalikuwa yanapiga kelele, jasho linaingia machoni, lakini alipanda mpaka mlango wa wodi ya juu, akageuka, akamshusha kitandani kinyumenyume. Sista akambandika barakoa usoni, na Lifti mwenyewe akakaa sakafuni, kichwa kwenye chuma cha kitanda, anasikiliza hewa ikipiga ssss.

Baada ya muda rangi ya midomo ikarudi. Sista akaenda kuita daktari. Filimbi akafumbua macho, akamwona nani amekaa chini. Akainua barakoa kidogo.

"Ungeniacha," alisema, sauti kama karatasi.

"Ningeweza."

"Kwa nini..."

"Pumzika, bosi."

Filimbi akamwangalia kwa muda mrefu, macho yamelowa, na Lifti akaona kabisa kuna neno linakuja, lile neno lenyewe, limefika mpaka kwenye meno. Mlango ukafunguka. Afisa wa utawala akaingia anahema, miwani imeteleza puani, hakuwahi kupanda hizo ngazi kwa miguu.

"Pole sana, bwana. Umetutisha. Sasa, samahani, gari langu linasubiri chini na watu bado wako uwanjani. Lile suala la mablanketi," akamtazama Lifti, akarudisha macho kwa Filimbi, "tulifunge vipi? Unasemaje?"

Chumba kizima kikasubiri. Hata ile hewa ya mtungi, ungedhani imenyamaza.

Filimbi akageuza uso dirishani. Kisha, taratibu sana, akaivuta barakoa, akaifunika midomo yake mwenyewe. Hakuwa anakohoa. Hakuwa anahema. Aliifunika tu.

Afisa akasubiri kidogo, akaangalia saa. "Basi utaratibu uendelee."

Wakashuka. Uwanjani watu walimpisha Lifti katikati, wengine wakapiga makofi kidogo, halafu wakaona uso wa afisa wakaacha. Lile blanketi bado lilikuwa kwenye majani.

"Sema, mzee, tumalize," afisa alisema, si kwa ubaya. Alikuwa amechoka tu, kila mtu alikuwa amechoka. "Ukisema ulichukua, unapewa onyo, kesho unaingia kazini. Hilo tendo la leo nalo tutalikumbuka."

Mawazoni Lifti alimwona binti yake amesimama nje ya lango la shule na begi. Alimwona mke wake na ile pasi.

"Sikuchukua blanketi hata moja," alisema. Hakupaza sauti, ila walisikia wote. "Na simjui aliyechukua. Anayejua, anajua. Mimi sina kinyongo na mtu hapa. Lakini uongo siusemi, hata wa kujisingizia mwenyewe."

Akageuza macho, si kwa kutafuta, yaligeuka tu, yakakutana na ya mlinzi. Mlinzi akaangalia kofia yake. Akaigeuza ndani nje. Akaigeuza tena. Na mlinzi hakufungua mdomo.

"Koti," alisema afisa.

Akalivua. Akalikunja vizuri, mikono ndani, kola juu, bado lilikuwa na mistari ya pasi. Akaliweka juu ya ngazi ya kwanza.

Getini mlinzi ilibidi amkague, ndiyo amri kwa kila anayeachishwa. Alifanya bila kumwangalia usoni. Akafungua begi, akatoa shuka.

"Hilo ni la hospitali?" afisa akauliza kutoka mlangoni pa gari lake.

Mlinzi akakunjua pembe, maua mekundu yakaonekana, yamefifia kwa jasho la watu wengi. Akatikisa kichwa. "La kwao, mama. La kwao nyumbani." Akamrudishia Lifti shuka. "Nisamehe, kaka. Nina watoto."

"Najua. Hata mimi ninaye."

Akatoka. Mguu mmoja ulikuwa umeshakanyaga barabara. Na hapo ndipo aliposikia kutoka nyuma, kutoka chini ya ngazi, sauti ya mwanamke anayelia kwa uchungu wa kuzaa, na sauti ya mume wake aliyechanganyikiwa: "Wapi Lifti? Jamani, tumeambiwa tumuulize Lifti! Yuko wapi?" Chumba cha kujifungulia kiko ghorofa ya tatu. Tingatinga alikuwa amesimama pale mbele ya yule mama, mikono mikubwa mitupu. Hana shuka. Hajui fundo linafungwaje.

Mlinzi akamshika Lifti mkono, akamkaza. "Usigeuke, kaka. Nakuomba. Leo wajue. Wakikosa leo, kesho fundi anakuja. Nenda nyumbani kwa mke wako."

Na alikuwa sahihi! Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mlinzi alikuwa sahihi kabisa.

Lifti akasimama pale, nusu ndani, nusu barabarani. Kiuno kinawaka moto. Hana kazi, hana koti, hana kapu la kanisani, hana atakachomwambia mtu aliyemnyooshea kola asubuhi. Yule mama akalia tena.

Akautoa mkono wa mlinzi taratibu, kidole kwa kidole. Akarudi. Afisa alikuwa ameteremka garini, amesimama mbele ya ngazi, miwani mkononi.

"Wewe si mfanyakazi wa hapa tena."

"Najua, mama," alisema Lifti, huku anakunjua shuka. "Naomba njia, mgonjwa anapita."

Na mama wa utawala akapisha. Alipisha, akasimama ukutani na viatu vyake vizuri, wakati mtu asiye na kazi akichuchumaa mbele yake na kumpokea yule mjamzito mgongoni.

"Tingatinga, njoo," akaita. "Angalia hili fundo. Sitakuonyesha mara ya pili."

Wakaanza kupanda. Kwenye kona ya kwanza, walio chini walimsikia akiuliza, "Tuko wote?"

Mpaka leo boksi la chuma lina mnyororo, na ndoo ziko ndani. Mlinzi bado yuko getini. Filimbi amerudi kazini, ila wanasema siku hizi hapulizi sana. Sasa nakuuliza wewe uliyesoma mpaka hapa, na unijibu kwa moyo, si kwa mdomo wa Jumapili. Unasimama getini, mguu mmoja barabarani. Shuka la mke wako liko kwenye begi, na nyuma wanakuita kwa jina walilokupa wao. Ungerudi?